Barua yangu ya kuomba fildi haijibiwi

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma stashahada ya uhasibu hapa Mtwara. Nimesambaza barua za kuomba fildi kila ofisi, kimya. Barua ni ileile, nabadilisha jina la ofisi tu. Sasa nataka kuomba chama kikuu cha ushirika, na rafiki yangu ananishauri nilipie stationeri wanitengenezee CV ya rangi. Uzoefu sina, msimu wa korosho tu huwa namsaidia mjomba kupokea mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima kijijini kwetu. Nifanyeje?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya CV ya rangi kanywee chai. Nimekaa masjala miaka mingi nikifungua bahasha za wanafunzi, na barua yako naijua kabla sijaiona: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Wenzako wote ni wachapakazi. Bosi akishasoma sentensi hiyo barua ya tano, ya sita anaifunika.

Halafu unasema uzoefu huna, na huku unashinda kwenye mizani! Korosho zikishauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakaa ghalani na kuuzwa kwa risiti yake, mkulima analipwa kwa kilo zilizoandikwa kule kijijini. Karani akikosea tarakimu moja, ugomvi unapanda hadi chama kikuu kinachounganisha AMCOS, na wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, wakija wanataka vitabu. Kwa hiyo aya ya pili ya barua iende hivi, mradi kila neno liwe kweli:

"Msimu uliopita nilisaidia kupokea korosho ghafi katika AMCOS ya kijijini kwetu. Nilisoma mizani, nikaandika kilo kwenye leja na kumkatia mkulima risiti. Jioni nililinganisha jumla ya leja na vitabu vya risiti kabla mzigo haujapelekwa ghalani."

Hapo hujajisifu hata kidogo, lakini mhasibu wao atainua kichwa. Aya ya kwanza itaje kozi, mwaka wa masomo na tarehe za fildi. Ya mwisho, unachotaka kujifunza kwao, mfano jinsi malipo ya wakulima yanavyoandaliwa baada ya mnada. Ofisi nyingine isiyogusa korosho, aya ya pili unaiandika upya.

Kwenye CV hiyo AMCOS ipande juu, chini ya elimu tu, na jina la kijiji na miezi uliyofanya. Kama umefundishwa Ekseli, sema unachoweza kufanya nayo. Dini, kabila na "napenda kuangalia mpira" toa. Mjomba usimweke mdhamini, mwombe mwenyekiti wa AMCOS na mwalimu wako, na uwapigie kwanza; nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Huyo nani?" Faili likitumwa kwa baruapepe liitwe jina lako. "CV MPYA FINAL 3" tumezichoka.

Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, andika kwa Meneja Mkuu, na nakala ya mkononi ipeleke mwenyewe masjala wakugongee muhuri wa kupokelewa. Usingoje Oktoba. Minada ikishaanza, hutamkuta mtu mezani.