Kabla hujamnyonga Kapteni Kidd kwenye tasnifu yako

Wadogo zangu, nimezisoma rasimu zenu. Nusu yenu mmemnyonga upya William Kidd, nahodha aliyehukumiwa London mwaka 1701 kwa uharamia na mauaji, nusu mmemtakasa. Kila mwaka ni yaleyale, na inaniuma maana akili mnazo.

1. Andikeni mnatumia kalenda ipi. Uingereza ya wakati ule ilifuata ya zamani (ya Julius), si hii ya Gregori tunayoitumia leo.

2. "Mashahidi wawili walikubaliana." Jamani! Ni kina nani hao? Daktari wa meli Robert Bradinham na baharia Joseph Palmer. Wote walimwacha Kidd Madagaska wakaenda kwa Robert Culliford, mharamia asiyebishaniwa. Mei 1701 wakatoa ushahidi London, nao wakaokoa shingo zao kwa msamaha. Huenda walisema kweli, lakini jambo hilo lisipokuwemo kwenye aya yako, siendelei kusoma.

Na karatasi je? Mfalme alimpa Kidd hati ya kuteka meli za Wafaransa. Alidai kwamba meli ya Quedagh Merchant, aliyoiteka Januari 1698, ilikuwa na pasi ya Kifaransa, hivyo ilikuwa halali kuiteka. Pasi alishazikabidhi kwa Bellomont, mfadhili wake na gavana wa makoloni ya Uingereza huko Amerika, zikafika hadi Bungeni, lakini siku ya kesi hazikuonekana. Akanyongwa. Zikaja kupatikana katika nyaraka za serikali London, karne ya 20! Kwa hiyo ukishika hukumu, tafuta kisicholetwa mahakamani, na nani kingemchoma. Tangu mharamia Mwingereza Henry Every apore Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India, mwaka 1695, Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa inabanwa na mfalme huyo, ikihitaji mharamia wa kuonyesha.

3. Wanaomtakasa nanyi msijifiche. Pasi hazifuti Agosti 1697, alipounyemelea msafara wa meli za Mokha, bandari ya Yemeni, hadi Edward Barlow wa Sceptre, meli ya Kampuni, akamfukuza. Wala hazimfufui William Moore, mpiga mizinga wa meli ya Kidd. Palmer anasimulia: Moore alikuwa sitahani ananoa patasi, Kidd akamwita mbwa mwenye chawa. Moore akajibu kwamba kama ni mbwa, Kidd ndiye aliyemfanya hivyo. Ndoo ya Kidd ikatua kichwani mwa Moore, kesho yake akafa. Kidd alijitetea kwamba anazima uasi. Someni hapo taratibu: mabaharia wale walilipwa kwa ngawira tu, na wengi walishazikwa kisiwani Mwali, Komoro, kwa maradhi.

4. Rasimu ya pili iwe na jedwali: jina la shahidi, alikuwa wapi, alipata nini. Naitaka Ijumaa.