Ni mfanyakazi yupi aliyekikimbia Chama cha Labour?

Swali: Katika habari za siasa za Uingereza nimesoma kwamba "Chama cha Wafanyakazi kimekimbiwa na wafanyakazi." Je, sentensi hii ni sahihi, au ingefaa kusema "kimekimbiwa na walalahoi"?

Jibu: Kisarufi sentensi haina kasoro, ila jina la chama limetafsiriwa vibaya. Kwa Kiswahili "chama cha wafanyakazi" ni kile kinachotetea mishahara na masilahi kazini, na kwa kuwa Labour kilizaliwa mwaka 1900 kwa juhudi za vyama vya namna hiyo, mwandishi wa historia yake atalazimika kuandika kwamba Chama cha Wafanyakazi kilianzishwa na vyama vya wafanyakazi, jambo linalochekesha kidogo. Jina hilo na libaki Labour.

Neno "wafanyakazi" mwishoni mwa sentensi ndilo zito zaidi. Kwetu mfanyakazi ni yeyote aliyeajiriwa, awe mwalimu, karani au kuli. Ndiyo maana Azimio la Arusha la 1967 lilipotaka kila kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, karani hakuachwa nje. Hata katiba ya Labour ya 1918 ilitaja wafanyakazi wa mikono na wa akili pamoja, hadi kifungu hicho kilipobadilishwa mwaka 1995, enzi za Tony Blair. Lakini katika uchaguzi wa Desemba 2019 walimu wengi wa mijini walibaki na Labour, ilhali miji ya zamani ya migodi na viwanda iligeuka: Bolsover, jimbo alilolishika Dennis Skinner, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe, tangu 1970, lilichukuliwa na Wahafidhina.

Wapiga kura hao hawaitwi walalahoi, kwa sababu mlalahoi ni mtu asiye na kitu, na miongoni mwao walikuwamo wastaafu wenye nyumba zao. Andika "tabaka la wafanyakazi", linalogusa asili ya mtu na aina ya kazi kuliko kipato chake, au "wafanyakazi wa kazi za mikono" ukitaka kubainisha zaidi.

Kitenzi nacho kina upande wake. "Kimekimbiwa" humfanya mpiga kura kuwa ndiye aliyeondoka, ilhali wanaokilaumu chama kwa kuahidi kura ya maoni ya pili kuhusu Umoja wa Ulaya, katika majimbo yaliyokwisha kuamua kujitoa, husema "kiliwatelekeza". Mimi ningeandika "kimepoteza kura zao".