Shilingi 300 kwa chanjo ya mbuzi: piga hesabu kabla hujasema ni ghali

Msimu wa chanjo ukikaribia, swali ni lilelile. Mnadani, kwenye birika la kunyweshea, hata kwenye vikao vya ukoo: "Mbuzi wangu hawaumwi, nilipe ya nini?" Nafuga mbuzi na kondoo Longido, kaskazini mwa Tanzania, na daftari la boma letu nalishika mimi. Kwa hiyo nitajibu kwa shilingi, maana maneno matupu wafugaji tumeshachoka nayo.

Ugonjwa wenyewe ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ule ambao mabwana mifugo wanauita PPR. Binadamu haumpati. Mbuzi akiupata anaanza na homa kali, macho yanatoa tongotongo, makamasi yanamziba pua, kisha fizi na ulimi vinajaa vidonda hadi anashindwa kula. Baada ya hapo ni kuharisha na kukohoa, na wengi hawamalizi siku 10. Kundi ambalo halijawahi kuugua wala kuchanjwa linaweza kupoteza hata 9 kati ya kila 10. Dawa ya kuua kirusi hiki hakuna. Ile oksi, antibiotiki tunayoikimbilia dukani, inasaidia tu kuzuia nimonia inayodandia mwili uliochoka.

Sasa hesabu. Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 iliweka ruzuku, mfugaji akachangia shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo badala ya 600. Chukua mbuzi wa kawaida wa kuuza 90,000. Bei ya huyo mmoja inachanja mbuzi 300. Mwenye mbuzi 40 analipa 12,000, hela ambayo haifiki hata robo ya mbuzi mmoja. Hata ruzuku ikiondolewa kesho, ni 24,000.

Watu wengi wakipiga hesabu ya hasara wanahesabu mizoga tu. Mizoga ndiyo inayoonekana, lakini mimi daftarini naweka na mingine. Majike wenye mimba wanaitupa, na hapo umepoteza mtoto na maziwa kwa mpigo. Wanaopona wanakonda, mnadani wachuuzi wanawanunua kwa bei ya huruma. Kuna pesa za oksi ulizochoma bila faida. Kuna mbuzi wazima unaowauza haraka kwa hofu, tena siku ambayo kila mtu anauza kwa hofu hiyohiyo, na bei inaporomoka. Halafu kuna muda: jike hubeba mimba miezi 5, na mtoto wake wa kike mpaka naye aje azae ni mwaka na zaidi. Boma lililobaki na mbuzi 6 halirudi kuwa 40 kwa msimu mmoja. Katikati hapo kuna ada ya shule, kuna mgonjwa, kuna mahindi ya kununua, na vyote hivyo kwetu hulipwa na mbuzi. Ng'ombe ni wa baba na wa heshima. Mbuzi ndiye anayeuzwa Jumanne kwa shida ya Jumatano, na mara nyingi anayejua shida hiyo ni mama wa nyumba.

Mzee mmoja jirani yetu, wa rika la baba yangu, aliwahi kuniambia: "Binti yangu, ninyi mkichanja wote, wangu watakingwa na wenu." Nilicheka, lakini hoja yake ina akili. Ni kweli, nikichanja namkinga na yeye bure. Shida ni kwamba kijiji kina wazee wengi wenye akili kama yake. Kila mmoja akimsubiri mwenzake, kirusi kinapata njia ya kupita boma hadi boma, na sisi tuliolipa tunaendelea kulipa kila mwaka bila kumaliza. Ndiyo maana nasema chanjo ya sotoka ni jambo la kikao cha kijiji. Mtu mmoja mmoja hawezi kulimaliza.

Na chupa yenyewe inalazimisha ushirika. Uliza siku ya chanjo wakuonyeshe. Chini ya kichupa kuna kipande kikavu cheupe, chepesi kama ganda. Mtaalamu anavuta maji maalumu ya kuchanganyia, anayaingiza, anatikisa taratibu mpaka kipande chote kiyeyuke, kisha anarudisha chupa kwenye barafu. Kuanzia hapo saa inatembea. Ikikaa muda mrefu au ikipigwa na jua, unachoma maji. Kila mbuzi anapata mililita 1 chini ya ngozi, na chupa moja kwa kawaida ina dozi 50 au 100. Mwenye mbuzi 12 akimwita mtaalamu peke yake, dozi nyingine zote zinamwagwa, na gharama ya kumwaga lazima mtu ailipe. Kwa hiyo ninyi wenye mifugo michache, jikusanyeni maboma manne au matano mpaka mfikishe idadi ya chupa. Andaeni zizi jembamba mapema, vijana wa kushika wawepo, na rangi ya kuweka alama asichomwe mbuzi yuleyule mara mbili. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Jambo moja watu hawaambiwi, na linaokoa pesa. Chanjo hii moja humkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi. Kinachotufanya turudi kila mwaka ni watoto. Mbuzi wanazaliwa na kuuzwa haraka, na boma ulilochanja lote mwaka jana, mwaka huu lina kundi kubwa la wadogo wasio na kinga. Mtoto wa jike aliyechanjwa analindwa na maziwa ya mama kwa miezi 3 au 4 ya mwanzo, na ukimchoma katika kipindi hicho chanjo inaweza isishike. Baada ya hapo ndiyo mlango uko wazi. Andika tarehe za kuzaliwa, hata kwa mkaa ukutani, na kama mbuzi wana hereni za utambulisho andika namba zao. Siku ya chanjo utajua nani lazima apite.

Mnada ni hatari yake nyingine. Kenya ugonjwa ulithibitishwa Turkana mwaka 2006, na kufika 2008 ulikuwa umethibitishwa kwetu kaskazini, Ngorongoro. Kutoka huko haukutembea kwa miguu tu. Ulipolipuka kule Mtwara, kusini, chanzo kilifuatiliwa hadi mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mamia ya kilomita kwa lori moja! Mbuzi mgeni mtenge wiki 3 kabla hujamchanganya, hata kama amekuja kwa mahari.

Sasa tutoke bomani kidogo. Mwaka 2015, pale Abidjan, Ivory Coast, nchi zilikubaliana kuufuta ugonjwa huu duniani ifikapo 2030. Abidjan haikuwa mbali na chimbuko, maana ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini humohumo, mwaka 1942. Hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 1.45 na 2.1 kila mwaka, na mpango wa miaka 5 ya kwanza ulihitaji karibu dola bilioni 1. Yaani dunia inapoteza kwa mwaka mmoja zaidi ya kilichotakiwa kwa miaka 5. Wachumi wa mifugo waliopiga hesabu ya kufuta kabisa walipata faida ya zaidi ya dola 30 kwa kila dola 1 inayowekwa.

Hesabu hiyo ni tamu, ila ina sharti: umalize. Waulize wenye ng'ombe. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, na leo hakuna anayelipa hata senti ya chanjo yake. Lakini kabla ya hapo, kampeni kubwa ya Afrika iliyoanza 1962 ilikuwa imeubana ugonjwa hadi vipembe vichache. Nchi zikaona umekwisha, zikalegeza chanjo, na miaka ya 1980 mwanzoni ukarudi kwa kishindo. Pesa za awamu ya kwanza zikawa kama hazikutumika, ikabidi kuanza upya. Ndicho ninachokiogopa kwa mbuzi: tuchanje mwaka huu kwa mbwembwe na picha, mwakani bajeti iyeyuke.

Wenzetu wa Ugiriki ulipowaingilia mwaka 2024 waliua maelfu ya mbuzi na kondoo na kufunga usafirishaji. Serikali inayoweza kufidia inaweza hilo. Kwetu, ukimwambia mtu ataua mbuzi wa boma zima, atahama nao usiku.

Nina lawama moja kwa wapangaji. Kwetu timu ya chanjo iliwahi kuja wakati mifugo iko mbali kwenye malisho ya kiangazi, ikachanja waliobaki nyumbani, ikaandika kijiji kimekamilika. Ripoti ilipendeza. Kirusi hakisomi ripoti. Viongozi wa vijiji, pelekeni kalenda ya kuhama kwenu kwa afisa mifugo wa kata kabla hajapanga ratiba, na mwambieni waziwazi mwezi ambao mbuzi wengi wapo nyumbani na watoto wameshavuka miezi 4.

Na kama unapanga kuuza au kununua mwaka huu, kinga inahitaji kama wiki 2 kujijenga. Chanja kabla ya mnada, siyo siku unayorudi. Mbuzi akiugua siku chache baada ya sindano, usiilaumu chanjo haraka. Huenda aliupata mnadani na ulikuwa tayari mwilini. Mtenge, mwite mtaalamu achukue sampuli, na wenzako uwaambie siku hiyohiyo.