Jibu: Nimeomba barua pepe, nimeletewa makaratasi

Salama mkuu. Kesi yako ya madai iko California, uliomba barua pepe, mdaiwa kakuletea rundo la karatasi zisizoonyesha hata saa ya kutumwa. Anza na ombi lako mwenyewe: ulitaja faili za aina gani? Sheria ya jimbo ya 2009 kuhusu ushahidi wa kielektroniki inakuruhusu kutaja. Mimi niliandika "mawasiliano yote" tu, nikaambulia picha za skrini! Usipotaja, bado anatakiwa kuleta zilivyotunzwa kawaida au kwa namna inayoweza kutumika. Hapo ndipo pa kumbana. Mwandikie wakili wake kwanza mjaribu kuelewana, hakimu ataulizia kama ulifanya hivyo. Na hesabu siku za kuomba mahakama imlazimishe ajibu zaidi: 45 tangu jibu lake lenye kiapo litumwe, ongeza siku 2 za kazi za mahakama kama lilikuja kielektroniki.