Mtabiri asiyejua kwao

Unauliza msichana wa hadithi yako, anayetabiria wengine, atashindwaje kujua kwao alikozaliwa bila msomaji kukucheka. Mnyime maono kabisa. Awe anasoma watu tu: kola iliyogeuzwa ikashonwa upya, alama ya pete kwenye kidole kitupu. Kwa kuwa umechagua London ya miaka ya 1760, mpe utoto wa Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa yaliyoanza kuwapokea mwaka 1741. Walipewa majina mapya. Kipande cha kitambaa kikabanwa kwenye karatasi ya usajili, na pengine mama akaondoka na nusu yake. Fumbo lako ndilo hilo! Halafu kuna sheria ya 1735: kujidai mtabiri, kifungo cha mwaka mzima. Kwa hiyo kila atakayehojiwa na msichana huyo kuhusu kwao anaweza kumchongea. Na kwa kuwa hana maono, ile sura ya ndoto uliyoandika, ifute.