Maswali 50 ya kodi za G hayatakuchagulia programa

SWALI: Shikamoo, mhandisi. Nina karakana Vingunguti, Dar es Salaam. Tunachonga moldi za plastiki na vipuri vya pampu. Mwaka huu nimenunua mashine ya milingi ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) iliyotumika, ya wima, ina mhimili wa nne na kontrola ya Fanuc. Vijana wangu wawili wanajua kuiwasha na kuipakia kazi, lakini programu za kazi ngumu hawaziwezi, kwa hiyo natafuta programa aliyebobea. Wakala mmoja ananiuzia mtihani wa maswali 50 ya kuchagua jibu, yote ya kodi za G na M (amri fupi za kuiongoza mashine), na anasema atakayepata zaidi ya 80 kwa 100 nimwajiri bila wasiwasi. Pia kuna kijana amenitumia vyeti vya CAM (programu ya kompyuta ya kupanga njia ya kisu) na video ya mashine ya mihimili mitano ikichonga impela. Mtihani huo unatosha? Na huyo wa video nimpime au nimchukue tu?

JIBU: Marahaba. Hela ya huo mtihani kanunulie endimili, zitakufaa zaidi.

Swali la namna hii halinipiti mwezi, na kila mara kuna mtu katikati anauza karatasi. Kodi za G zimebandikwa ukutani katika karakana nyingi. Asiyekumbuka G83 na G73 zinatofautianaje hufungua kitabu cha mashine, nusu dakika kapata. Mimi mwenyewe bado nafungua. Kinachoua spindeli, kile kichwa kinachozungusha kisu, hakimo kwenye karatasi hiyo.

Nikupe kisa nilichokishuhudia. Kiwanda kimoja, sitakitaja, kilimwajiri kijana aliyejibu maswali ya aina hiyo karibu yote. Swali mojawapo: G28 hufanya nini? Akajibu, hurudisha mashine nyumbani, mahali pake pa kuanzia. Akapewa alama yake. Siku ya pili akaandika programu iliyoishia na G49, na chini yake G90 G28 Z0. Alikotoka mstari huo haukuwahi kumletea shida. Kule walikuwa wanagusisha kila kisu juu ya kazi na umbali wote unaandikwa kwenye H (nafasi ya urefu wa kisu), huku Z ya G54 (mahali sifuri ya kazi ilipo) imeachwa sifuri. Kwa hiyo Z0 bila H ilikuwa nyumbani kwenyewe. Kiwanda hiki kilipima urefu wa visu pembeni, nje ya mashine, na uso wa kazi ulibebwa na Z ya G54.

Sasa G28 haiendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia kwanza mahali ulipopataja, na ukiwa kwenye G90, ambapo vipimo huhesabiwa kutoka sifuri ya kazi, mahali penyewe ni Z0 ya kazi. Urefu wa kisu ulishafutwa na G49, basi mashine ikaipeleka pua ya spindeli, si ncha ya kisu, kwenye uso wa kazi, tena kwa mwendo wa rapidi, ule wa kasi kabisa. Kisu kilikuwa kimetokeza milimita 120 hivi. Nilisikia mlio nikiwa ofisini, na nilipofika jiliwa lilikuwa limehama na kijana amesimama mikono kichwani. Angeandika G91, inayohesabu kutoka pale mashine ilipo, badala ya G90, tarakimu moja tu, wote tungekwenda kula chakula cha mchana.

Jibu lake la kwenye karatasi lilikuwa sahihi, naomba ulione hilo. Alichokosa ni kuuliza siku ya kwanza: hapa kwenu urefu wa visu mnaupima vipi? Na swali hilo huwezi kulitia kwenye mtihani wa A, B, C, D, maana ukilitia umeshamkumbusha. Unatafuta mtu ambaye maswali yanamtoka mwenyewe. Kwa hiyo mtihani utengeneze wewe, kutokana na kazi unazozifanya, na uuache na mapengo.

Chukua mchoro wa karatasi wa kipande cha aluminiamu, tuseme 120 kwa 80 kwa 40. Weka makao mawili ya beringi ya 6203, moja kila upande, kipenyo 40 H7 (H7 ni daraja la usahihi wa tundu), yote mawili yawe katika mstari mmoja. Ongeza hesi nne za M8 na tundu moja la mshazari ili mhimili wa nne nao upate kazi. Kisha uharibu mchoro kwa makusudi: ondoa kipimo kimoja, na vingine viwili vifanye vigombane. Mpe na orodha ya visu mlivyonavyo kweli kabatini, ila drili ya 6.8 usiiandike. Nusu saa ya kwanza asiguse kompyuta. Kaa naye.

Aliyebobea atakuchosha. Jiliwa lina taya laini? Bila drili ya 6.8 hii M8 mnataka niikate na nini? Hiki kipimo na hiki haviafikiani, mteja anataka kipi? Anayefungua kompyuta yake papo hapo na kuanza kuchora, mshukuru umpe nauli.

Mwangalie sana kwenye yale makao ya beringi. Ukifunga kipande, ukachonga upande mmoja, ukakifungua na kukigeuza, mstari mmoja hauji kwa bahati. Atalitafuta vipi tundu la kwanza baada ya kugeuza, kwa saa ya kupimia au kwa matumaini? Au ataona kwamba mhimili wa nne unaweza kugeuza kipande nyuzi 180 bila kukifungua, akabuni namna ya kukishika ili pande zote mbili zifikike? Mimi hapo huweka nusu ya alama zote, na kompyuta bado haijawashwa.

Mpe pia programu iliyochapwa, mistari 40 hivi, yenye mitego. T6 iliyopewa H5, yaani kisu cha sita kwa urefu wa kisu cha tano. X10 isiyo na nukta, ambayo Fanuc nyingi huisoma kuwa 0.010 ya milimita. Hesi ya M8 inayokatwa kwa S400 F400 (mizunguko 400 na mwendo wa milimita 400 kwa dakika), wakati hatua yake ni 1.25 na F inatakiwa 500. Usimwambie atafute makosa. Mwambie asome na akusimulie mashine itafanya nini, mstari kwa mstari. Utashangaa ni wangapi wanasoma vizuri kabisa huku kisu kinavunjika.

Baadaye aandike programu kwa CAM anayoijua, aiendeshe mwenyewe, opareta wako kasimama karibu. Wewe angalia mkono na macho yake. Rapidi kaishusha hadi asilimia 25? Kisu kinaposhuka mara ya kwanza, anatazama kisu tu, au anapiga jicho kwenye skrini kuona umbali uliobaki? Na akimaliza, anapima lini? 40 H7 inakupa 0.025 ya milimita tu ya kuchezea. Aluminiamu ikiwa imezidi joto la chumba kwa nyuzi 20 za Selsiasi, tundu la 40 limetanuka karibu 0.018. Anayepima hapo hapo, akasoma 40.010 na kutabasamu, kesho asubuhi ana tundu la 39.992 na beringi inayogoma kuingia.

Huyo wa video mpime kama wengine. Huenda ni hodari kweli, lakini video haisemi mashine ni ya nani, post-prosesa (kinachotafsiri njia ya CAM kuwa kodi za mashine) aliirekebisha nani, wala kidole kilichokuwa juu ya kitufe cha kusimamisha kilikuwa cha nani. Na simulesheni nzuri isikutie upofu. Nyingi huonyesha njia ya kisu ilivyo ndani ya CAM, kabla haijatafsiriwa kuwa kodi, kwa hiyo kosa la post-prosesa hazilioni, na H uliyoingiza vibaya haziijui kabisa. Muulize kipande alichowahi kukiharibu na ilikuwaje. Aliyechonga miaka mingi ana vyake, na atakusimulia mpaka harufu. Asiye na hata kimoja ama anadanganya, ama kazi ilikuwa inafanywa na mtu mwingine.

Hawa wanaotoa cheti baada ya wiki moja ya projekta na chai wananikera, kwa sababu mwanafunzi ndiye anayelipa mara mbili: ada yao, halafu jina lake likiharibika siku ya kwanza kazini. Nimekutana na vijana wenye vyeti vitatu ambao hawajawahi kugusisha kisu kwenye chuma. Lakini wenye karakana nao wana ujanja wao. Wanampa mwombaji kazi halisi ya mteja, anakesha siku mbili akiandika programu ya moldi, halafu anaambiwa "tutakupigia". Mafundi wanaambiana. Ukishajulikana hivyo, wanaokuja ni wale wasio na pengine pa kwenda, na hao hata mtihani wangu hautakusaidia kuwageuza.

Nusu siku inatosha. Ilipe, kwa kiwango cha fundi wako mzuri wa siku, apite au asipite.

Na kabla hujatangaza nafasi, waite vijana wako wawili, kila mmoja peke yake, uwaulize urefu wa visu kwenye mashine hiyo wanaupima vipi. Wakikupa majibu mawili, anzia hapo.