Deskitopu inawaka sekunde chache tu inazima, na pawa saplai nishabadilisha

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, nna kiduka cha kutoa kopi na kuchapa karibu na bandarini. Deskitopu yangu nikiiwasha taa inawaka, feni inazunguka, khalafu pap, inazima yenyewe hata Windows haijafika. Ilianza baada ya kuifungua nikaipiga vumbi na kuifuta ndani. Fundi wa hapa kaniambia pawa saplai, lile boksi la kuingizia umeme, imekufa, nikanunua nyengine, hali ile ile. Nifanyeje, wateja wanakuja wanarudi.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, pole. Ile pawa saplai ya zamani usiitupe, huenda haina kosa lolote.

Kitu hukuniandikia ndo ninachokitaka mwanzo, inazima baada ya sekunde ngapi? Hebu chukua simu weka saa ya kuhesabu, iwashe, ikizima iwashe tena papo hapo uhesabu tena, khalafu iache ipoe kama nusu saa na uhesabu mara ya mwisho. Mafundi wengi hawahesabu, wakiona mashine inazima wanasema pawa saplai kwa sababu ndo kitu rahisi kubadilisha na mteja anaelewa.

Kama ya pili inazima haraka kuliko ya kwanza na ikishapoa inakaa zaidi, basi ni joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kwa vile umesema ilianza baada ya kuifuta mie hapa ndo nashuku zaidi. Juu ya prosesa kuna hitisinki, lile bati nene la mbavumbavu lenye feni. Kwenye bodi nyingi za Intel (bodi ni ile sahani kubwa ya ndani iliyochomekwa vitu vyote) limeshikwa na vipini vine vya plastiki, ukifuta kwa nguvu kimoja kinachomoka, bati linainuka upande na huwezi kuona kwa macho, feni inazunguka vizuri kabisa lakini prosesa haipoi. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza mwendo, joto likizidi hapo mashine inajizima isiungue. Chomoa umeme, ulitikise lile bati kwa vidole, likicheza ushapata ugonjwa. Litoe, futa ile dawa nyeupe au kijivu iliyokauka kwa kitambaa chenye spiriti, tia mpya, inaitwa thamo pesti, ya kupitisha joto toka prosesa kwenda kwenye bati, kiasi cha punje ya mchele katikati, ukandamize vipini kwa mshazari, huku na kule, mpaka vyote vilie kliki. Na usisahau kuchomeka waya wa feni.

Lakini kama inazima kwenye sekunde ya nne kila mara, moto au baridi, usihangaike na prosesa, angalia kitufe cha kuwashia. Si unajua kompyuta ikiganda unashikilia kitufe kama sekunde nne inazima kwa nguvu? Sasa kitufe kikinasa, bodi inaona mtu kakishikilia tu hajaachia. Na nyie mlio bandarini upepo wa chumvi unakula vyuma vya ndani ya swichi, kwa nje unaona kimerudi kumbe ndani kimegandana. Fuata waya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe hadi kwenye bodi, plagi yake imeandikwa POWER SW, piga picha kwanza ndo uichomoe. Rudisha umeme, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja uachie. Ikiwaka ikabaki, tumia kitufe cha riseti kuwa cha kuwashia, plagi zake ni sawa tu. Kwenye Dell na HP za ofisi waya hizi zimefungwa pamoja na za taa kwenye plagi moja, hapo usichokonoe pini usizozijua.

Ikizima sekunde moja au haifiki, hiyo ni shoti, pawa saplai inajilinda. Angalia kwanza matundu ya USB ya mbele, kwenye kiduka cha kuchapa watu wanachomeka flashi kwa fujo na vijipini vya ndani vinapinda vikagusana. Bodi nyengine hasa za ASUS zinakwambia kabisa kwenye skrini kuwa USB ina kosa na zinazima baada ya sekunde 15. Tazama pia kama kuna skurubu imedondoka chini ya bodi, au mjusi kafiri aliyefia humo, usicheke, huku kwetu wanaingia kutafuta joto. Khalafu chomoa diski, DVD, kadi zote, bakisha RAM moja, washa, rudisha kimoja kimoja mpaka izime tena. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata ukiwa umechomoa umeme, ndani mnabaki volti 300 na zaidi kwa muda.

Yote hayo yakishindikana angalia zile kapasita, vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye bodi, zikiwa zimevimba vichwa kama maandazi au zinatoa majimaji ya kahawia, bodi ndo imechoka. Kubadilisha kapasita kunawezekana kwa mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, lakini kwa mashine ya used ya miaka mingi mie singeweka pesa humo, ningetoa diski na RAM nikatafuta mashine nyengine ya aina ile ile nivitie humo.